Ushauri wakuu: programu ya bekapu inaacha biti 32 na seva yetu ndo hiyo hiyo

mlinzi_wa_mafaili:
Wakuu habari zenu. Ofisini tuna seva ya bekapu ya siku nyingi, ina mfumo endeshi wa Debian 12 wa biti 32 (ile aina ya zamani, siku hizi nyingi ni 64), haijawahi kutusumbua, kila usiku inavuta mafaili ya kompyuta zote na mimi ndo naiangalia. Juzi nasoma maelezo ya vesheni mpya ya programu tunayotumia nakuta wameandika hii ndo ya mwisho kwa biti 32, zijazo ni 64 tu. Jamani usingizi umekata, humo ndani kuna kazi za watu za miaka kibao. Nikibaki na vesheni hii kuna ubaya gani? Na nikihama, bekapu za zamani zitasomeka? Halafu kuna klayenti tatu, yaani kompyuta zinazotuma mafaili kwenye seva, nazo ni za 32.

Kiraka64:
Pole mkuu. Hata hiyo Debian yenyewe, toleo la 13 la Agosti 2025 huwezi tena kuliinstoo kwenye mashine ya biti 32, na Windows 11 tangu itoke 2021 ni 64 tu. Hawa wa bekapu wanategemea databesi na vifurushi vya watu wengine, huko wakiacha na wao wanakwama. Na kwa seva ya bekapu 32 inabana kweli, programu moja haivuki GB 4 za memori hata ujaze RAM vipi.

fundi_diski:
Kabla hujaomba hela ya mashine mpya andika amri ya lscpu kwenye terminal ya seva, angalia mstari wa op-mode kama 64-bit imo. Usiangalie uname -m, ile inakuonyesha kernel (kiini cha mfumo endeshi) uliyoweka, sio prosesa. AMD walitoa prosesa za 64 tangu 2003, kuna mashine kibao zina uwezo huo ila aliyeziinstoo aliweka 32 kwa mazoea.

mlinzi_wa_mafaili:
Aisee! Imeandika 32-bit, 64-bit. Kwahiyo naweka 64 juu ya hii hii?

Mama Seva:
Hapana mdogo wangu, usiguse hiyo diski. Mimi nilifuta seva ya zamani nikijua bekapu zote ziko kwenye diski ya pembeni, na kweli zilikuwepo, ila ufunguo wa enkripsheni (wa kufungulia mafaili yaliyofungwa kwa siri) ulikuwa kwenye folda ya /etc, ya settings za mfumo, niliyoifuta, mafaili nayaona na hayafunguki mpaka leo. Tafuta diski nyingine, weka 64 humo, nakili settings na funguo, na databesi itoe kwa dump (nakala ya maandishi ya data zake), usibebe mafaili yake mabichi maana mengine yanategemea aina ya mashine. Programu weka vesheni ile ile kwanza, apdeti baadaye. Kisha rudisha mafaili halisi, ya jana na ya zamani kabisa, uyafungue kwa macho yako. Diski ya zamani iweke kabatini.

fundi_diski:
Klayenti usizitupe, soma tu maelezo uone seva mpya inakubali klayenti za vesheni gani, ikizikataa hizo tatu unavuta mafaili kwa rsync (programu ya kunakili mafaili) kupitia SSH (njia salama ya kuingia mashine nyingine). Ila kubaki na seva isiyopata viraka vya usalama mimi sikushauri, hiyo ndo mashine inayoshika data za kila mtu, akiingia mtu humo kawapata wote.

mlinzi_wa_mafaili:
Asanteni sana wakuu, Mama Seva umeniokoa, nimeangalia sasa hivi na ufunguo wetu nao uko /etc. Nimeshaunakili sehemu mbili, diski naiomba kesho, nikishajaribu kurudisha mafaili nitaleta mrejesho hapa hapa.