Mliofuga Boxer (mbwa, sio pikipiki) tupeane uzoefu

Mleta mada
Wakuu habari za wikendi. Nataka kuchukua Boxer, kuna jamaa Arusha ana watoto wa miezi miwili, dume laki sita jike laki tano, anasema chanjo ya kwanza wameshachomwa. Nakaa Kinyerezi, fensi ipo, watoto wangu wawili wako shule ya msingi, na vibaka wa huku tunajuana nao. Kila ninayemuuliza mtaani ananiambia chukua Jemani (German Shepherd) achana na hizo sura zilizokunjamana, ila nikimbana kumbe hajawahi hata kumfuga. Kwa hiyo naomba waliofuga wenyewe tu. Tabia, magonjwa, hela. Karibuni.

Mzee wa Mbezi
Mi naanza na joto maana Dar ndio mtihani wenyewe. Mbwa hatoi jasho kama sisi, anajipoza kwa kuhema, sasa huyu pua fupi na njia ya hewa imebanwa, kuanzia Desemba mpaka Machi akikimbia mchana anaweza kukufia mkononi. Wangu siku moja mafundi wanachanganya zege pale nyumbani, yeye anakimbizana na mtoto wa fundi juani saa saba, mara namsikia anakoroma na macho kayatoa, ulimi umeenda zambarau, miguu ya nyuma inalegea. Nikammwagia maji ya bomba tumboni na kwapani mfululizo, nikamtupia kwenye gari AC mwisho mpaka kwa daktari, drip, akapona. Tangu hapo matembezi ni alfajiri au usiku, mchana analala kwenye tailizi sebuleni na feni yake, ndio, ndani, wife alilalamika mpaka akachoka. Kama unawaza banda la mabati nje acha kabisa.

Baba Rongai
Huku kwetu Rongai joto si shida, shida ni Julai, manyoya ni mafupi na hana mengine chini yake, usiku lazima blanketi. Tabia sasa. Gate yangu imeandikwa MBWA KALI na ndani kuna huyu jamaa anayejikunja mwili mzima kwa furaha akiona mgeni, mkia na kichwa karibu vinakutana, halafu anakurukia kifuani na kilo zake thelathini. Ashaangusha mamangu mara si moja. Utoto wake hauishi, wangu alianza kutulia akikaribia miaka mitatu, kabla ya hapo alikula viatu, hosi ya maji na kiti cha gari ya shemeji. Ulinzi? Habweki ovyo, kwa hivyo akibweka mimi huamka, na mwizi akiona ile sura hangoji kuulizwa. Lakini fundi aliyecheza naye mchana akirudi usiku atapokelewa vizuri sana, hilo mjue. Na usimfunge mnyororo siku nzima, huyu ni mbwa wa kukaa na watu, ukimtenga anaharibu kila kitu. Kwa watoto wa umri huo wako sijaona kama yeye, ila kale kanakojifunza kutembea kasiachwe naye pekee, atakaangusha akidhani ni mchezo.

Binti Pangani
Mate jamani, mbona hamsemi mate?? Akinywa maji akatikisa kichwa ukuta wote unachirizika. Mimi niko Tanga, jirani yangu ni mzee wa msikitini, hana ubaya na mbwa ila yale mate yakimgusa kanzu lazima ashughulike kwanza ndio aende kuswali, basi tukakubaliana vipindi vya swala Boxer yuko nyuma ya geti la ndani, na nikimtoa napita upande wa pili wa barabara. Hatujawahi kugombana. Unaeishi uswahilini hilo liongee mapema, kabla mbwa hajafika.

Mchaga Original
Mimi ya kwangu ndefu kidogo mnivumilie. Jike wangu Moshi hapa, kwenye miaka sita akaanza kuzimia, anakimbilia geti anaanguka, sekunde chache anainuka anaendelea na safari. Shamba boy akasema kifafa, mama mkwe akasema kuna mtu katutupia kitu, daktari wa kwanza akaandika dawa ya minyoo. Ikabidi nitafute hadi nikapata mwenye mashine ya kupima umeme wa moyo, kumbe ni ugonjwa wa moyo unaojulikana kabisa kwa Boxer, unarithiwa, mapigo yanaparaganyika ghafla. Alipewa vidonge vya moyo, vilevile vya binadamu, nilikuwa nanunua famasi ya kawaida, kila siku, na hivyo ndio vilikuwa vinakula hela kuliko chakula. Akafika miaka tisa. Aina hii wengi wanaishia 10 mpaka 12 kwa hiyo sikulalamika sana, ingawa nililia, msicheke.

Cha pili, uvimbe. Hawa wanapata sana saratani, ukigusa kauvimbe kwenye ngozi usiseme jipu, daktari afyonze kwa sindano aangalie. Wangu kalikuwa begani, kakakatwa mapema. Cha tatu, kuna dawa ya kutuliza inaitwa acepromazine, Boxer wengi inawashusha presha vibaya, kabla hajachomwa chochote mkumbushe daktari hii ni aina gani. Na chakula mpe mara mbili kwa siku, akishakula apumzike, vifua vyao ni virefu tumbo linaweza kujaa gesi likajisokota, hapo ni upasuaji muda huohuo.

Mbongo Bavaria
Niko Munich, Ujerumani, mji walikotengenezewa hawa mbwa miaka ya 1890. Huku kukata masikio kumepigwa marufuku tangu 1987 na mkia tangu 1998, kwa hiyo Boxer wa huku ana mkia mrefu kama fimbo na akifurahi glasi zote za mezani chini. Kodi ya mbwa manispaa wanakudai kila mwaka, na bima ya matibabu ya Boxer sio ya kitoto. Ukiletewa mweupe uliza anasikia? Baadhi yao ni viziwi, piga makofi nyuma yake uone.

Tegeta Kwa Mbwa
Hela mkuu. Mimi dona, dagaa na vichwa vya kuku, kwa mwezi kama laki na ishirini. Kidonge cha kupe cha miezi mitatu kinauma, lakini homa ya kupe inauma zaidi, fizi zikiwa nyeupe kimbia. Chanjo ya parvo (kirusi cha kuharisha kinachoua watoto wa mbwa) rudia mpaka ratiba ya utoto iishe, moja haitoshi. Kichaa cha mbwa kila mwaka.

Mleta mada
Aisee nimeshiba. Sasa dume au jike? Na huyo jamaa wa Arusha nimuulize nini?

Mchaga Original
Jike. Usitume hela kwenye simu, panda basi uwaone wazazi wote wawili wakikimbia uwanjani, halafu msikilize mama anavyohema akisimama. Muulize kama kuna ndugu yao aliyewahi kuzimia. Akianza kuzungukazunguka rudi Dar, kuna mwingine Usa River nitakupa PM.