Gurupe ya familia: Stevia ya Tantina

Sifa (Ndosho, Goma): Jambo familia. Tantina, zile majani ya sukari ungali nazo? Daktari amemukataza papa sukari, na chai kavu anaikataa kabisa, anaacha kikombe inapoa tu. Nilipanda mbegu za shashe hapa, hakuna hata moja imeota 😔

Tantina (Himbi): Niko nazo mingi. Kuya utachukua, ila mbegu uachane nazo. Tutakata matawi.

Ya Claude: Mbegu iko na shida gani?

Tantina: Mbegu mingi za stevia ziko tupu. Muti moja pekee haujizalishe vizuri, unaomba poleni (ule unga wa maua) ya mwenzake. Ile nyeusi njo inaweza kuota, ile ya rangi ya majani makavu ni bure, na hata ile nyeusi ukiifunika na udongo inakataa ju inapenda mwangaza. Tena ikiota huwezi jua kama itakuwa tamu. Tawi ni tofauti, inabeba utamu wote wa mama yake, njo maana mi nafanyaka butire tu, ni kusema kupanda tawi yenye umekata

Sifa: Nieleze pole pole basi, sitaki tena ifie mu mikono yangu

Tantina: Asubuhi, mbele jua ikuwe kali, utafute tawi yenye haina maua, yenye haijakomaa sana lakini inasimama yenyewe. Ukate sentimita 8 ao 10, chini kidogo ya fundo, pale majani inatokeaka. Tosha majani ya chini yote uache mbili ao ine za juu, zikiwa kubwa uzikate nusu ju majani njo inamalizaka maji na bado hakuna mizizi ya kuirudisha. Fundo mbili za chini ziingie mu udongo, mizizi itatokea pale.

Tantina: Na udongo ikuwe ya kupitisha maji. Hapa Goma ile muchanga mweusi ya volkano inatusaidia sana, uchanganye na mboleo yenye imeoza vizuri, utie mu mukebe yenye umetoboa chini. Maji ikikaa kwa mizizi, stevia inaoza, haingojeki

Ya Olivier (Bukavu): Sasa siye wa Bukavu na hii udongo nyekundu ya kushika maji?

Tantina: Olivier, utie muchanga ya muto mingi, hata nusu kwa nusu. Na usipande chini, panda mu mukebe.

Sifa: Kisha?

Tantina: Kisha ukate chupa ya plastiki ya maji, uifunike nayo, uweke kwa kivuli chenye mwangaza. Kila siku uifungue kidogo ipumue. Udongo ikuwe na baridi ya maji, isikuwe matope. Usiivute kuangalia kama imeshika!! Ukiona majani mapya, juma mbili mpaka ine, ujue mizizi iko. Njo unaizoesha jua pole pole.

Ya Claude: Mi nasoma hapa asema inatoka Paraguay na Brazil, Waguarani banaitia mu kinywaji yabo tangu zamani, muzungu moja mwenye jina Bertoni njo aliiandika mu vitabu 1899. Kule siku zinarefuka na kufupika. Kwetu je?

Tantina: Claude umegusa pale pale. Stevia ikiona siku ni fupi, masaa 12 ao 13, inaanza maua. Na siye karibu ya ekweta siku ni masaa 12 mwaka muzima, kwa hiyo inakimbilia maua ingali kadogo, majani inabaki kidogo na utamu unapunguka. Sifa, usikie hii vizuri: kila unapoona kichwa inataka kufunga maua, uikate na kucha. Itatoa matawi pembeni, na zile matawi njo butire zako za kesho. Majani ya kukausha uchume mbele tu ya maua, pale inakuwaka tamu sana.

Koko: Wanangu, hiyo majani inaponyesha diabeti?

Tantina: Apana Koko. Inachukua tu fasi ya sukari mu kikombe. Kaka yangu asiache dawa hata siku moja, na aambie daktari kama anaitumia. Naomba kabisa, Sifa.

Sifa: Ndiyo Tantina, nitamwangalia mwenyewe. Anatia kiasi gani?

Tantina: Majani makavu ukisaga, kidogo sana kwa ncha ya kijiko, angonje, aonje. Ikizidi inaleta uchungu kwa ulimi, ataikataa tena. Mashina usisage, haina utamu mingi

Ya Olivier: Tantina nami unitumie na bato (mashua)

Tantina: Nitakutumia. Nazifunga na papie yenye maji kidogo ndani ya shashe, usiziache kwa jua kule porti. Na zikifika jioni, upande jioni ile ile. Mikebe itoboe sasa.

Ya Olivier: Natafuta musumari 🙏