Naomba ushauri: neno "cheat" nimweleze vipi mtoto?

Wakuu, shikamooni. Niko Ngamiani, Tanga, namsaidia mpwa wangu wa kidato cha pili kazi ya Kiingereza. Neno lenyewe cheat. Nilimjibu haraka "kudanganya", akaniuliza: na lie je? Nikanyamaza.

Maana mwanafunzi kwenye mtihani anaibia. Mume anachepuka. Muuza dagaa mwenye kopo lililobonyezwa kitako, kama yule wa jana (bado ninayo hasira), hadanganyi kwa mdomo, anapunja. Kiingereza wote hao ni cheat!

Sentensi ya mwisho ndiyo imenikwamisha kabisa: mtu amecheat kifo. Niandike "ameponea chupuchupu"? Au lipo neno moja la Kiswahili linalobeba yote haya? Daftari linakusanywa kesho asubuhi.