Msaada wakuu: kisiwa kinachotawaliwa na nchi nyingine kinaombaje uangalizi (kuhudhuria vikao bila kuwa mwanachama) kwenye jumuiya ya nchi?

Igombe88: Habari za jioni. Nipo Mwanza, nimekwama na risechi ya chuo. Guam ni ya Marekani, ila 2011 ilipata uangalizi kwenye Jukwaa la Visiwa vya Pasifiki. Nimeandika walijiombea wenyewe bila Washington, kuna mtu kasema nimekosea toka ukurasa wa kwanza na Ijumaa ndo mwisho, silali.

MzeeWaKirumba: Mdogo wangu anzia hapa kwetu. Zanzibar ilijiunga OIC, jumuiya ya nchi za Kiislamu, kimyakimya, 1993 ikalipuka bungeni maana mambo ya nje ni ya Muungano, Agosti ikajitoa. Nilikuwa kidato cha tatu, mwalimu wa historia alikuwa Mpemba, wiki nzima hatukufundishwa kingine.

MamaPendo: Na mpira je? 2017 CAF waliipokea Zanzibar Machi, Julai wakaitoa eti sio nchi. Mume wangu ni wa Unguja, siku ile hakula.

Nyakato_Yetu: Mleta mada, hiyo risechi ni ya nani?

Igombe88: Ya shemeji, mume wa dada, kazini kabanwa. Kanipa laki na nusu, nimeiweka kwenye mtumbwi wa dagaa. Sio wizi, kaomba mwenyewe, na usiku kucha nasoma mimi. Kurasa 30 nishamtumia.

MamaPendo: Mwanangu rudisha hela. Hicho cheti kitakuwa cha nani?

Kabanga: Mnadanganywa. Wiki hii mbalamwezi, nani anavua dagaa? Stori ya kutunga hii.

Igombe88: Ndo maana hela haijarudi mkuu! Mitumbwi iko ufukweni tangu Jumatatu wanangoja giza, ningekuwa nayo ningemrudishia jana.

Kabanga: Hapo sawa, nimekuelewa.

Nyakato_Yetu: Nikujibu sasa. Tokelau iko chini ya New Zealand na 2014 ikawa mwanachama mshiriki wa Jukwaa hilohilo, yaani chini ya mwanachama kamili. Polynesia ya Ufaransa na New Caledonia 2016 wakawa wanachama kamili na Ufaransa iliridhia, bado ni zake. Guam nayo 2024 ikapanda kuwa mshiriki. Kwahiyo kutokuwa nchi huru hakuwazuii, ila mwenye mamlaka ya mambo ya nje humpiti pembeni, neno lililokuponza ni "bila". Mpe shemeji haya aandike mwenyewe.

Igombe88: Asante sana mkuu. Sasa nibadilishe ukurasa wa kwanza tu au zote 30?