Heka moja, viwanja kumi na sita vya 20 kwa 20, halafu tepu eti nikashonee gauni!

BintiNianjema:

Wakuu, naandika hasira bado zimenikaba kooni. Yule dalali wa viwanja mnamjua. Kuanzia Mapinga, Kerege, Zinga mpaka huku Bagamoyo mjini hakuna mtu aliyewahi kuulizia kiwanja asikutane naye. Jina silitaji, akisoma atajijua.

Asubuhi hii, mbele ya wanunuzi wenzangu na mjumbe, tepu imesoma mita 15 pale pale anapouza 20. Amenitazama usoni akasema: "Mama, hiyo tepu kashonee gauni. Ardhi inapimwa kwa mguu." Na watu wakacheka! Kashonee gauni!

Haya, tupige hesabu ya huo mguu. Heka moja ni mita za mraba 4,047. Wazee wanasema hatua 70 kwa 70, na wazee hawakukosea hata kidogo, kwa sababu hatua yao ni ile ndefu ya mtu mzima aliyetanua mguu, sentimita 91 hivi. Sabini zake zinatoa mita 64 kasoro kidogo kila upande na heka inatimia. Kwa hatua hiyo, 20 kwa 20 ni mita 18.3 kwa 18.3, yaani mraba 334. Ukilinganisha na 20 kwa 20 ya mita, ambayo ni mraba 400, umeshaacha mita 66 za mraba mezani. Tuseme ndiyo desturi, tumeimeza.

Huyu wetu hatembei hatua ya wazee. Anatembea kama bibi harusi anayeingia ukumbini! Mchanga wa pale ni laini, nyayo zimebaki zote, tumezipima kisigino kwa kisigino: sentimita 75, tena ikifika upande wa mnunuzi zinapungua mpaka 70. Hatua 20 za sentimita 75 ni mita 15. Mita 15 kwa 15 ni mraba 225. Umelipia mraba 400, unakabidhiwa zaidi kidogo ya nusu. Na kwenye hati ya mauziano kaandika "20 x 20" tupu. Si mita, si hatua, si futi. Siku ya kesi atachagua inayomfaa.

Sasa angalieni alivyoikata hiyo heka. Safu nne, kila safu viwanja vinne. Nne mara mita 15 ni 60, heka ina mita 63.6, zimebaki 3.6, na hizo ndizo anaziita "barabara ya mtaa". Fuso la mchanga likiingia halina pa kugeuzia, linatoka kinyumenyume mpaka Dar es Salaam! Na hiyo njia imepita katikati, kwa hiyo inaguswa na safu ya pili na ya tatu tu. Viwanja vinane vya safu ya kwanza na ya nne havina mlango wa kutokea, mwenye navyo aruke ukuta wa jirani maisha yake yote. Kumi na sita mara 400 ni mraba 6,400. Heka moja imezaa zaidi ya heka moja na nusu, mchana kweupe, mjumbe anagonga mhuri. Na mwenye tepu ndiye anayeambiwa akashone gauni.

Bango lake limeandikwa kwa herufi kubwa VIWANJA VIMEPIMWA. Vimepimwa na nani? Kuna kupanga, kuna kupima, kuna kumilikisha, na havirukwi. Kwanza mchoro wa mipango miji unaoonyesha viwanja, barabara na maeneo ya huduma, upite kwenye kamati ya halmashauri na uidhinishwe. Ndipo savea, yaani mpimaji ardhi aliyesajiliwa, aweke bikoni, zile alama za kona za kiwanja, kwa kufuata mchoro huo, ramani ya upimaji ipelekwe isainiwe kwa niaba ya Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani. Hapo ndipo kiwanja kinakuwa na namba na kitalu. Kabla ya hapo una shamba lililokatwakatwa, basi. Nimemuuliza namba ya ramani iliyosajiliwa. Hana. Bikoni zake ni nondo nyembamba iliyochomekwa kwenye zege la kopo la rangi, haina namba hata moja, ukiisukuma kwa kidole cha mguu inalala. Kwenye ukingo wa mashariki nimezikuta mbili kwenye kona moja, ya wiki iliyopita na ya jana.

Nasema tena ili ieleweke. Kakutwa na upungufu wa mita tano kila upande, hakuomba radhi, hakushusha bei, hakusema tupime upya. Kasema kashonee gauni. Mtu huyu aangaliwe.

MzeeWaBamvua:

Pole mwanangu, ila na wewe una lako. Dalali anakuja kupima kwa miguu, na wewe unamfuata nyuma mpaka hatua ya ishirini ndipo unatoa tepu? Tepu inatolewa mwanzo, kabla hajanyanyua mguu. Na unasimama wewe kwenye sifuri, si kijana wake.

Kashonee:

Nimejisajili leo kwa ajili ya uzi huu. Gauni lenyewe mshono gani? Mita 15 zinatosha sare ya kamati nzima ya harusi.

BintiNianjema:

Kashonee, cheka, siku yako inakuja. Kiwanja chako kina ramani?

SaveaMstaafu:

Wakuu, nyote mmeshikilia tepu, lakini hata tepu peke yake haikuokoi. Upana ukiwa mita 20 mbele na mita 20 nyuma, umbo linaweza kuwa limelala upande na eneo likapungua. Pima na kona hadi kona. Mraba kamili wa 20 kwa 20 lazima usome mita 28.28 pande zote mbili za kukatisha. Ukipata 30 huku na 26 kule, kiwanja kimelala na mraba 400 haupo.

Shamba likiwa na mteremko, tepu ivutwe iwe sawa, isifuate ardhi. Savea anahesabu umbali uliolala, si ule wa kupanda na kushuka. Mkivuta tepu juu ya kichuguu mnajipunguzia wenyewe.

La tatu linawaumiza wengi. Mtu anapewa ramani yenye koodineti, namba za mahali bikoni zilipo, anaziingiza kwenye simu, simu inampeleka shambani kwa mtu mwingine, anarudi na panga. Ramani nyingi za zamani ziko kwenye mfumo wa koodineti uitwao Arc 1960, simu inasoma mfumo mwingine, WGS84. Usipobadilisha utasimama karibu mita 300 kutoka kwenye kiwanja chako. Mpelekee savea azigeuze ndipo mtembee. Na kung'oa au kuhamisha bikoni halali ni kosa chini ya Sheria ya Upimaji Ardhi, hata kama imekaa katikati ya msingi wa choo chako.

BintiNianjema:

Asante mkuu. Umeona sasa? Na yeye anasema ardhi inapimwa kwa mguu!

JiraniWaMalindi:

Poleni majirani. Huku kwetu Malindi, Kenya, ugonjwa ni "50 kwa 100". Mtu anauza moja ya nane ya eka, ndiyo heka yenu, ukifika ni futi 50 kwa 100. Hivyo si vitu sawa! Moja ya nane ni futi za mraba 5,445, ile nyingine ni 5,000. Wanatoa vipande vinane kwenye eka, inabaki 3,560 ya barabara. Eka ya mraba ina futi 208 na kitu kila upande, safu mbili za futi 100 zinakula 200, kwa hiyo barabara inatoka futi 8 na kitu. Halafu unaambiwa subiri mutesheni, yaani shamba ligawanywe rasmi kwenye ramani. Mutesheni itapitaje na ridhaa ya Bodi ya Ardhi haijaombwa? Shamba la kilimo lina miezi sita tangu makubaliano kuomba hiyo ridhaa, ikipita mauzo hayana nguvu. Watu wanashikilia makubaliano ya miaka mitatu wakidhani wana ardhi.

Kashonee:

Nyinyi angalau mna futi. Futi haina mguu mfupi.

MamaWaKerege:

Mnaongea hatua na futi, mimi naomba mtu anieleze asilimia kumi. Kiwanja cha milioni nne, mwenyekiti anadai laki nne "ya ofisi" ndipo agonge mhuri. Hakuna sheria ya ardhi inayompa mwenyekiti asilimia kumi ya mauzo. Hakuna! Ukiomba risiti ya serikali anakuandikia kwenye karatasi ya daftari. Na mhuri wenyewe haukupi umiliki, unathibitisha tu kwamba mliuziana mbele yake. Mwaka ujao anaugongea mnunuzi wa pili kiwanja kile kile, na kumi yake anachukua tena.

BintiNianjema:

Jamani turudi kwenye mada. Huyu bwana bado anauza, kesho ana wateja wengine.

MzeeWaBamvua:

Mama wa Kerege kasema kweli tupu, lakini kubwa kuliko zote ni viwanja vya ufukweni. Wauzaji wanajua kalenda ya mwezi kuliko wavuvi. Wanakupeleka siku ya maji mafu, yale yasiyojaa sana, bahari iko mbali, unaona mchanga mweupe na upepo, unatoa hela. Ngoja bamvua, maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Maji yanaingia mpaka ulipochora sebule. Angalia mstari wa takataka za mwani na makuti, hapo ndipo maji yanapofika. Ukiona mikoko karibu, ujue ni hifadhi ya msitu, haikatwi. Na Sheria ya Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Mita 60 si za hatua! Mtu ananunua 20 kwa 20 tatu zilizofuatana kuelekea baharini, zote tatu ziko ndani ya mita 60, ramani haisainiwi mpaka kiama.

MtotoWaMirathi:

Hayo yote ni madogo. Aliyeuza ni nani? Mashamba mengi ya huku ni ya urithi, mzee kafa zamani, watoto kumi na mmoja, anauza mmoja aliyebaki kijijini. Msitoe hata shilingi kabla ya kuona barua ya usimamizi wa mirathi ya Mahakama ya Mwanzo, Fomu Namba 4, na jina lililomo liwe la huyo anayesaini. Msimamizi naye hana ruhusa ya kuuza na kula peke yake, kwa hiyo warithi wote wasaini na picha zao zibandikwe. Mkisaini na mmoja, wale kumi wanakuja mkishafika lenta.

MamaWaKerege:

Na minazi! Mmesahau minazi. Ardhi ya mtu huyu, minazi ya mtu yule. Umeshalipa, umeshazungushia seng'enge, asubuhi unakuta kijana juu ya mnazi anaangua, ukimuuliza anasema babu yake ndiye aliyepanda, ardhi tu ndiyo iliyouzwa.

SaveaMstaafu:

Hiyo kweli ipo pwani yote. Mkataba uandike idadi ya minazi na miembe iliyomo, aliyepanda, na kwamba imeuzwa pamoja na ardhi. Mwenye miti tofauti naye asaini na alipwe chake mbele ya mashahidi.

JiraniWaMalindi:

Huku kwetu hivyo hivyo kabisa. Mnazi unaozaa mnalipana kiasi gani huko?

MamaWaKerege:

Inategemea unazaa au umezeeka, na mwenyewe ana njaa kiasi gani. Wa kwangu kataka bei ya mnazi mzima kwa mnazi uliokatika kichwa na radi. Kigogo kimesimama hakina hata kuti moja, anasema "utachipua". Mnazi uliokatika kichwa unachipuaje?

MtotoWaMirathi:

Bora huo, kwangu ni mikorosho. Mizizi imeingia chini ya msingi wa nyumba, mwenye mkorosho kanikataza kuukata mpaka msimu uishe mwezi wa kumi na mbili, na fundi ananidai siku zake zote za kukaa bure.