Tupeane uzoefu: simu, joto na chumvi ya Mombasa, nyinyi mwazitunza vipi?

Mkaazi wa Kisauni
Assalam aleykum wenzangu, na habari za jioni kwa nyote. Nimefungua hii mada juu hapa mtaani kwetu juzi godoro la jirani limeshika moto, kijana wake alilala na simu iko kwenye chaji chini ya mto, alhamdulillahi aliamshwa na moshi na hakuna aliyeumia. Watu wote wanasema ni ajali tu. Mimi sikubali, naona ni mambo ambayo tunayajua nusu nusu na hatuambiani. Simu ikiwa kwenye chaji inatoa joto, na ukiifunika na mto ama shuka lile joto halina pa kwenda. Watengenezaji wengi huandika simu itumike penye joto la 0 hadi 35, sasa sisi huku mwezi wa pili na wa tatu mchana tunafika 32, 33 kivulini, hapo bado hujaingia chumba cha mabati, yani tunaanza tukiwa tushakaribia mwisho. Ongeza upepo wa bahari, ongeza stima inayopotea ikarudi kwa nguvu. Kwangu sasa simu zote usiku zachajiwa sebuleni juu ya sakafu tupu, watoto walinuna wiki ya kwanza wakazoea. Haya, kila mtu aseme lililomfika yeye ama mtu wake na akafanya nini.

Fundi wa Mwembe Tayari
Waaleykum salaam. Ahsante kwa mada kaka, hii naiona kila siku mezani. Wacha niseme la betri kufura juu ndilo linanitisha zaidi. Utajua imefura: kioo kinainuka upande mmoja, kava inakataa kukaa, ukiilaza simu mezani inayumba. Ile iliyo ndani ni gesi. Sasa wateja wengine huiminya irudi chini, kuna mama alikuja nayo ashaitoboa na sindano ati gesi itoke, wallahi nilimwambia mama yangu Mungu amekupenda. Mule ndani kuna tabaka mbili zimetenganishwa na karatasi nyembamba mno, zikigusana moto unatoka hapo hapo na ni moto mkali, moshi wake ni sumu. Betri ikifura zima simu, usiichaji hata dakika moja, iweke kwenye saruji ama mchanga mbali na pazia, halafu mpelekee fundi. Na ile mbovu msitupe jaani, majaa yetu yachomwa moto na watoto wako pale wakiokota vyuma. Kampuni kubwa pia yaliwafika haya, Samsung mwaka 2016 waliomba simu zao zote za Galaxy Note 7 zirudishwe kwa sababu ya betri, kwa hivyo msidhani ni simu za bei rahisi peke yake.

Chaja nayo. Ile ya barabarani ya bei ya kutupa, ukiishika haina uzito. Kazi ya chaja ni kushusha stima ya ukutani ya 240 iwe volti 5 ama zaidi kidogo, na kuzitenga hizo mbili zisikutane. Nikifungua zile feki nakuta nafasi kati yazo ni ndogo sana, ikipasuka kitu kimoja stima ya ukuta yote inakuja kwenye waya ulioshika. Mtu yuaongea na simu huku iko kwenye chaji hiyo, miguu chini pekupeku sakafu ina maji... sitaki hata kumaliza.

Bodaboda Bamburi
Sisi wa delivari simu inakaa kwenye usukani siku nzima tukifuata ramani, jua la saa saba linaipiga mpaka inajizima yenyewe na kuandika imepata joto. Mwenzangu kamera yake ilikufa, picha zatetemeka zenyewe, fundi akamwambia ni mtetemo wa injini umeharibu kile kidude kinachotuliza lenzi. Kweli, hata Apple walishatoa onyo kuhusu pikipiki. Mimi nimenunua kishikio chenye mpira wa kupunguza mtetemo, nikifika steji naiweka mfukoni, na sitazami ramani pikipiki ikitembea, nasimama kando kwanza. Hilo la mwisho ndio muhimu zaidi, tumezika vijana.

Mwana wa Mji wa Kale
Babu yangu ana kile kidude cha moyo wamemtia kifuani, pesimeka, na yuaipenda simu yake aitie mfuko wa shati, upande ule ule wa kushoto. Daktari alituambia simu isikae karibu na kile kidude chini ya sentimita 15, babu haelewi sentimita basi nikamwambia shibiri moja babu, isipungue. Sasa yuaitia mfuko wa kanzu chini na akipigiwa aweka sikio la kulia. Angalieni zaidi hizi iPhone kuanzia 12, nyingi zina sumaku nyuma, na sumaku yaweza kukibadilisha kidude kifanye kazi vingine. Kama una mzee nyumbani mkague mfuko leo leo.

Mama Swabra, Majengo
Mimi ni la maji. Dada yangu alikuwa ufuo wa Pirates na watoto Jumapili, simu yake ni ile yasemwa haiingii maji, akapiga nayo picha baharini. Jioni ikakataa kuchaji, yatoa alama ya tone la maji. Majirani wote wakaja na ushauri wao, mchele, jua, pasi ya nywele! Fundi akatueleza kuwa ile kinga hupimwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na simu ikizeeka ule mpira wa ndani walegea. Maji ya bahari yakikauka chumvi yabaki pale yakila vyuma pole pole, simu yafa baada ya wiki mbili mtu ashasahau. Aliiosha ndani na isopropili, ile spiriti ya kusafishia, ikapona, lakini spika haikurudi vizuri.

Mkaazi wa Kisauni
Mama Swabra na mchele je, haufai kabisa?

Fundi wa Mwembe Tayari
Haufai, vumbi lake linaingia kwenye tundu la chaji, nalitoa kwa kibano kila msimu wa mvua. Ikiingia bahari: zima hapo hapo, usijaribu kuwasha kuona kama yafanya, usichaji. Kama ni ile yenye kinga isuuze kidogo na maji ya mfereji kutoa chumvi, itikise tundu la chaji likiangalia chini, fundi siku hiyo hiyo.

Abiria wa Likoni
La kwangu ni wizi, naona pia ni usalama. Feri ikifungua milango ule msukumano ndio soko lao. Kabla hujaibiwa bonyeza *#06# uandike ile namba ya IMEI, namba ya kuitambua simu yako, kwenye karatasi nyumbani, na tia PIN kwenye laini yenyewe, sio simu peke yake. Shangazi aliibiwa, laini haikuwa na PIN, wakaitia kwenye simu nyingine na kuanza kuomba pesa kwa jamaa zake kwa jina lake, watu wawili walituma.

Mama wa Changamwe
Na mionzi jamani? Mwanangu alala nayo sikioni.

Fundi wa Mwembe Tayari
Mama, mawimbi ya simu si kama ya eksirei, hayana nguvu ya kuvunja vitu mwilini. Shirika la utafiti wa saratani la WHO mwaka 2011 liliyaweka kundi la "huenda yaleta saratani", yani ushahidi ni mchache. Marekani wameweka kikomo cha nguvu ya mawimbi inayoingia mwilini, wati 1.6 kwa kilo ya mwili, Ulaya 2. Lakini jua hili: netiwaki ikiwa dhaifu simu huongeza nguvu ili ifike mnara, kwa hivyo penye baa moja ongea na spika ama iafoni. Mwanao namhofia zaidi ule waya wa chaji kitandani.

Bodaboda Bamburi
Fundi swali moja. Ikijizima kwa joto, wenzangu huitia friji dakika tano. Ni sawa?

Fundi wa Mwembe Tayari
Hapana kaka. Unyevu wa hewa ya hapa ukikutana na simu baridi wageuka maji ndani yake, utakuwa umeizamisha mwenyewe. Itoe kava, chomoa chaji, iweke kivulini penye upepo, ipoe yenyewe.