Paje: kina kifupi cha kujifunzia kaiti ni saa ngapi?

BintiTanga: Habari zenu. Nataka kuja Paje, Zanzibar, Januari kujifunza kaiti (kuteleza majini kwa ubao huku ukivutwa na tiara kubwa), naogelea kidogo tu. Kila mtu ananiambia "Paje maji ni mafupi, usiogope." Lakini mwaka jana nilifika pale saa 4 asubuhi nikakuta bahari imekauka, watu wanatembea mpaka mbali. Saa 10 jioni maji yalikuwa yamefika kwenye minazi. Sasa ufupi huo ni wa saa ngapi?

MpwaniPaje: Dada, uliyoyaona ni bamvua, siku ambazo maji hutoka sana na kujaa sana. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, huku maji hukupwa mnamo saa 4 au 5 asubuhi, yakajaa saa 10 au 11 jioni. Mimi nafundisha, na anayeanza humpangia siku za maji mafu, yaani siku ya 8 mpaka ya 10 tangu mwezi uandame, au ya 23 mpaka ya 25. Hapo bahari haikauki wala haijai sana, unapata maji ya kiunoni kwa saa nyingi.

Kiunoni, si kifundoni. Kwenye maji ya kifundoni kaiti ikikubwaga unapokelewa na mchanga mgumu. Wengi wanadhani maji yakipungua ndiyo usalama unazidi, na hilo linaniumiza kila msimu.

Januari ni kaskazi, upepo wa kaskazini-mashariki. Ukitazama bahari upepo huo unakutoka kushoto, ukikusukuma kidogo pwani, kwa hiyo ukikosea unarudi ufukweni. Siku upepo ukitoka bara usiingie hata ukibembelezwa, maana utapelekwa kwenye mwamba, na nje yake ni kilindi.

Tena kuna mwani. Mama yangu analima hapa tangu nikiwa mdogo. Maji yakifunika, mambo (vijiti vilivyochomekwa mchangani) na kamba za mwani zilizofungwa humo havionekani, na ubao ukipita juu unakata kazi ya wiki nzima. Mwalimu asiyekuonyesha mashamba yalipo, mwache.

Mama_Wawili: Nilijifunzia hapo wakati wa kusi, upepo wa kusini. Vaa viatu vya maji, mdogo wangu. Wale viumbe wa baharini weusi wa miiba mirefu wako karibu na mawe. Nilikanyaga mmoja nikakaa siku 3 sishiki ubao.

BintiTanga: Ahsanteni sana. Basi nahesabu mwezi kwanza, tiketi ya boti baadaye.

MpwaniPaje: Vizuri. Ukifika, njoo maji yakiwa yamekupwa uyaone mambo kwa macho yako. Mama atakupitisha kwenye shamba lake.